Tundu kwanza, dawa ya kuzibia baadaye

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia baada ya minada, watu wa Mtwara na Lindi hulipa madeni yaliyosubiri mwaka mzima, na mojawapo ya madeni hayo ni la meno. Mtu aliyekuwa akitafunia upande mmoja tangu mwezi wa tano sasa ana nauli ya kutoka Tandahimba hadi mjini na ana fedha ya matibabu, na akishaketi kwenye kiti cha daktari wa meno huuliza: nizibe kwa dawa nyeupe au kwa ile ya rangi ya fedha? Swali hilo huulizwa kana kwamba mtu anachagua rangi ya vigae, nyeupe ikidhaniwa kuwa ya kisasa na ya wenye uwezo, na ile nyingine ikidhaniwa kuwa ya kizamani. Kwa kweli uchaguzi hauanzii kwenye rangi, wala hauanzii kwenye bei. Unaanzia kwenye tundu lenyewe: liko jino gani, limezama kiasi gani, limebomoa kuta ngapi za jino, na je, mahali lilipo panaweza kukaushwa na kubaki pakavu kwa dakika zote zinazohitajika? Maswali hayo yakishajibiwa, dawa inayofaa huwa mara nyingi imebaki moja, au zikizidi sana ni mbili.

Jino kwa nje limefunikwa na enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu, mifupa ikiwemo. Chini ya enameli kuna dentini, laini kidogo na yenye vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani, na katikati kabisa ndipo kilipo kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wanaoishi katika utando unaoganda kwenye meno hutumia sukari tunayokula na kutoa asidi, na kipimo cha pH kinaposhuka hadi karibu na 5.5 au chini yake, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Mate hupambana na asidi hiyo na kulirudishia jino sehemu ya madini yake, lakini yanahitaji muda. Ndiyo sababu anayekunywa soda moja pamoja na chakula cha mchana akaimaliza hulidhuru jino lake kidogo kuliko anayeinywa funda moja moja kibarazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ingawa sukari ni ileile. Mdudu wa jino, yule anayesemekana kutolewa kwa moshi na kuonyeshwa mgonjwa kama kiuzi cheupe, hahusiki hata kidogo.

Madhara ya mwanzo kabisa huonekana kama doa jeupe lisilong'aa, na doa hilo linaweza kurudi nyuma kwa kupunguza sukari na kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi. Enameli ikishatoboka, hairudi. Haina chembe hai za kuitengeneza upya, na wazee wa Kimakonde waliochonga meno ujanani kwa urembo walizikwa nayo vilevile yalivyochongwa. Kinachofanyika wakati wa kuziba, basi, ni kuondoa sehemu iliyooza, kisha kujaza nafasi yake kwa kitu kitakachofanya kazi mbili: kuwafungia bakteria mlango wa chakula, na kulirudishia jino nguvu ya kutafuna.

Zamani ilifundishwa kwamba kila chembe ya dentini iliyolainika lazima ichimbwe. Siku hizi, kwenye tundu lenye kina kirefu, tabibu anayejua kazi yake anaweza kuacha kwa makusudi sehemu ndogo iliyolainika karibu na kiini ili asikitoboe, mradi kingo za tundu ziwe safi na ngumu na zizibwe bila kupitisha kitu, kwa kuwa bakteria waliofungiwa bila chakula hudhoofika na uozo husimama. Mgonjwa akiambiwa hivyo asidhani kwamba kazi imefanywa nusu.

Hata hivyo kuna jino ambalo halifai kuzibwa kwa dawa yoyote miongoni mwa hizi, na mwenye jino anaweza kulitambua kabla hajapanda gari. Maumivu makali ya maji baridi au kashata yanayopita mara tu kitu kinapotoka yana maana kwamba kiini bado kinaweza kupona. Maumivu yanayobaki kwa dakika kadhaa baada ya maji kumezwa, yanayokuja yenyewe na kuzidi mtu anapolala, yana maana nyingine: kiini kimekwisha kuumia kiasi cha kutopona, na kuziba juu yake ni kuufungia moto ndani ya nyumba. Jino la namna hiyo huhitaji kutibiwa mizizi yake au kung'olewa. Uvimbe wa shavu wenye homa haungoji minada. Ni wa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Wengi wetu husubiri hadi usiku ule wa tatu bila usingizi, na kwa kusubiri huko tunakuwa tumejinyang'anya wenyewe uchaguzi ambao makala hii inauzungumzia.

Dawa ya rangi ya fedha inaitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na inayobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Vikichanganywa hutoa ujiuji mzito unaoshindiliwa kwenye tundu na kuganda, ingawa nguvu yake yote huipata baada ya takriban siku nzima. Amalgamu ya kawaida haishikamani na jino lenyewe. Inashikiliwa na umbo la tundu, hivyo daktari hulazimika kulichonga liwe pana ndani kuliko mdomoni, mithili ya chungu, hata kama itambidi aondoe sehemu ya jino isiyooza. Hasara hiyo ina malipo yake: amalgamu huvumilia unyevunyevu kuliko kompositi, hustahimili kutafuna kuzito kwa magego, na huweza kukaa miaka kumi na zaidi bila kudai chochote. Tafiti zilizolinganisha dawa hizi kwenye magego zimeonyesha kwamba kompositi hushindwa mara nyingi zaidi kuliko amalgamu, hasa kwa sababu ya uozo mpya unaoanzia kwenye kingo.

Kinachowatia watu hofu ni hiyo zebaki, na hofu hiyo ina msingi, ila imekaa mahali pasipo pake. Zebaki tunaijua kutokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaoichoma mpaka igeuke mvuke na kuuvuta mvuke huo. Iliyomo ndani ya jino lililozibwa imefungamana na madini mengine, na mvuke unaotoka wakati wa kutafuna ni mdogo mno. Uchunguzi wa miaka mingi haujathibitisha kwamba unawaletea maradhi watu wa kawaida. Tatizo kubwa ni kule zebaki inakokwenda baadaye: kwenye maji machafu ya kliniki, kwenye majalala, hatimaye baharini na ndani ya samaki. Mkataba wa Minamata, unaobeba jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika vibaya kwa kula samaki wenye zebaki, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 2022 wanachama walikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa meno ya utotoni, kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona hakuna budi. Umoja wa Ulaya uliizuia, isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu, kuanzia Januari 2025, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo wanachama wa mkataba walikubaliana mjini Geneva kuifikisha mwisho duniani kote ifikapo mwaka 2034.

Haya yote hayana maana kwamba mwenye amalgamu nzima kinywani aende kuitoa. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi kuliko kuiacha, na kila tundu linalochimbuliwa hupanuka. Kama haijavunjika, na kingo zake hazijaoza, iachwe ifanye kazi yake.

Dawa nyeupe, kwa upande wake, si moja. Ni mbili tofauti kabisa, na hapa ndipo wagonjwa wengi huchanganyikiwa, kwa maana wote wawili, aliyewekewa hii na aliyewekewa ile, hurudi nyumbani wakisema wamezibwa kwa nyeupe.

Ya kwanza ni kompositi. Ni utomvu wa plastiki uliojazwa chembechembe za kioo, na chanzo chake ni kazi ya Mmarekani Rafael Bowen, aliyepata hataza ya utomvu huo mwaka 1962. Tundu husafishwa, hupakwa asidi kwa sekunde chache ili enameli ipate mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, huoshwa, hukaushwa, hupakwa gundi, na ndipo kompositi inapowekwa kwa matabaka ya takriban milimita mbili mbili, kila tabaka likimulikwa kwa taa ya buluu mpaka ligande. Kwa kuwa inagandamana na jino, haihitaji lile umbo la chungu, na sehemu ya jino isiyooza inaweza kubakizwa. Rangi yake huchaguliwa ifanane na jino la jirani, na kwenye meno ya mbele haina mshindani. Inapoganda, hata hivyo, husinyaa kwa takriban asilimia mbili hadi tatu, na kusinyaa huko, tabaka likiwa nene mno, huweza kuivuta dawa itengane na ukuta wa jino na kuacha ufa usioonekana. Adui yake mkubwa ni unyevu. Tone la mate au la damu likigusa jino baada ya asidi na kabla ya gundi, gundi haishiki inavyostahili, na mgonjwa hatajua siku hiyo. Wenye vifaa kamili hulitenga jino kwa kipande cha mpira kinachotobolewa tundu na kuvishwa juu yake. Wengine hutegemea pamba na kimashine cha kunyonya mate.

Niliyajua haya kwa njia ya gharama. Gego langu la chini upande wa kulia lilikuwa limeoza kwa ubavuni mpaka usawa wa fizi, na fizi ilikuwa ikitoa damu kila ilipoguswa. Katika kliniki moja niliulizwa nataka ipi, nikasema nyeupe, na hakuna aliyenipinga. Nakumbuka pamba ikibadilishwa mara nne, kila inayotoka ikiwa nyekundu, na taa ya buluu ikimulika huku mimi nikimeza mate yenye ladha ya chuma. Haikupita miezi minane nikatafuna muhogo wa kuchoma, nikahisi kitu kigumu ulimini, nikakitema kiganjani: kipande cheupe, safi, kimekwanyuka kizima kama punje ya korosho inavyotoka kwenye ganda lake. Kompositi yenyewe haikuwa na kasoro. Ilibandikwa mahali palipolowa.

Dawa nyeupe ya pili inaitwa glasi ayonoma, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kujulikana zaidi huku Kusini. Iligunduliwa na Alan Wilson na Brian Kent jijini London na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa kioo maalumu unaochanganywa na majimaji ya asidi, na inapoganda hushikamana na jino kikemia, bila gundi wala taa. Hustahimili unyevu kidogo, jambo ambalo kompositi haliwezi, na huachia floraidi polepole, jambo linalozisaidia kingo za tundu. Ila ni dhaifu. Ikiwekwa kwenye tundu kubwa lililobomoa ubavu wa gego, huchakaa na kuvunjika mapema kuliko nyingine mbili, na mng'ao wake haufikii wa kompositi.

Dawa hii inatuhusu kwa sababu ya historia pia. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken akiwa miongoni mwao, walikabili tatizo ambalo kila zahanati ya kijijini inalijua: mashine ya kuchimbia meno inahitaji umeme, hewa ya mgandamizo, maji na fundi, na kimojawapo kisipokuwepo mgonjwa hupewa tiba moja tu, koleo la kung'olea. Wakajaribu kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake, vijiko vidogo vyenye makali na patasi ndogo, kisha kuziba. Njia hiyo ilifanyiwa majaribio baadaye Thailand na Zimbabwe, glasi ayonoma ikawa ndiyo dawa yake, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani mwaka 1994. Leo inafundishwa Brazili na Uholanzi, nasi tunaiona kama tiba ya wasio na uwezo. Kwenye tundu dogo la upande mmoja wa jino, matokeo yake yanalingana na ya mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa dentini iliyooza haina maumivu inapokwanguliwa taratibu. Mwaka 2021 glasi ayonoma iliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu.

Udhaifu wake mwingine unahusu hali ya hewa yetu. Nilipokwenda kuzibwa upya niliomba nitazame inavyochanganywa. Tabibu alifungua kichupa, akachota kijiko kimoja cha unga, akakifunga kichupa hapohapo kabla hajaendelea, kwa sababu unga ukinywa unyevu wa pwani huharibika. Akadondosha tone moja la majimaji kwenye kikaratasi laini, akauburuta unga ndani yake nusu nusu kwa mwiko wa plastiki, upesi, bila kufanya povu. Ujiuji ulipokamilika ulikuwa unameta kama uji wa ngano uliotoka jikoni. Alinieleza kwamba mmeto huo ndio dalili ya asidi iliyobaki huru ya kushikana na jino. Ukififia kabla dawa haijaingia tunduni, mchanganyiko huo ni wa kutupwa. Na joto huufifisha haraka. Chumba chenye joto la mchana wa Novemba humpa mtaalamu sekunde chache kuliko zilizoandikwa kwenye pakiti, ndiyo maana yeye huchanganya karibu na feni na hupenda wagonjwa wa kuziba waje asubuhi. Ujiuji ukishaingia, alipaka vaselini kidoleni, akaukandamiza kwa kidole hicho kwa muda, akaondoa uliozidi, akapaka vaselini tena ili usikauke wala kulowa kabla ya wakati.

Hakuniachia glasi ayonoma peke yake. Kwenye usawa wa fizi, palipokuwa na unyevu, aliweka hiyo. Juu, panapotafuna na panapokauka, akaweka kompositi. Dawa mbili katika tundu moja, kila moja mahali inapoweza kufanya kazi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo hilo linawezekana, na wala mimi nisingelifikiria, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuuliza swali la rangi.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minane mwenye tundu dogo juu ya gego apelekwe kwa glasi ayonoma bila majuto, hasa kama hawezi kukaa ameachama kwa muda mrefu. Na kama uozo ni wa meno mengi ya utotoni, ipo dawa ya majimaji ya fedha na floraidi ambayo husimamisha uozo bila kuchimba, ingawa huacha doa jeusi la kudumu pale palipooza, na mzazi anapaswa kuambiwa hilo kabla. Kijana aliyevunja ncha ya jino la mbele kwa kufungulia soda, mchezo ambao sijui utaachwa lini, atengenezewe kwa kompositi. Mjamzito mwenye tundu asikubali kusubiri mpaka ajifungue, kwa kuwa kuziba ni salama kwake, ila asiwekewe amalgamu. Mtu mzima mwenye tundu la wastani juu ya gego atumie kompositi ikiwa jino linaweza kukaushwa. Lisipoweza, na amalgamu ikiwa bado ipo, atakayemwekea hiyo hajamdhulumu. Gego lililobaki ganda, kuta tatu zimeanguka, halizibwi kwa ujanja wa dawa yoyote. Linahitaji kuvishwa kofia, au kung'olewa. Dhahabu na vigae vya kutengenezwa maabara vipo kwa wanaovimudu, na jino la dhahabu linalovaliwa kwa urembo si la mjadala huu.

Bei hutofautiana kati ya hospitali ya serikali, ya misheni na kliniki binafsi, na bima hazilipii dawa zote sawasawa, hivyo ni vyema kuuliza kabla ganzi haijadungwa, wakati mdomo bado unaweza kusema. Ni halali pia kuuliza jino litakaushwaje. Mtaalamu mzuri hataudhika, na mara nyingi jibu lake litakuwa na maana kuliko jina la dawa.

Baada ya kuziba, ganzi hubaki kwa saa mbili au tatu, na katika muda huo anayetafuna huweza kujing'ata shavu bila kujua, watoto zaidi. Kompositi huwa imekwisha kuganda mgonjwa anapoinuka kitini. Glasi ayonoma ipewe walau saa moja bila chakula, na amalgamu isitumike kutafunia vitu vigumu mpaka kesho yake. Baridi kuuma kidogo kwa siku chache ni kawaida. Jino likionekana kukutana na la juu kabla ya wenzake, mtu asisubiri lizoee: arudi likwanguliwe, kazi ya dakika mbili, maana jino lililozidi urefu hupigwa kila anapofunga mdomo mpaka liume lote.

Kabla ya kuondoka, aombe iandikwe kwenye daftari lake ni jino gani, limezibwa kwa dawa ipi na tarehe ngapi. Atakayelifungua tundu hilo baada ya miaka saba, huenda akiwa Masasi au Dar es Salaam, atahitaji kujua kama anachimba plastiki, kioo au zebaki, na jinsi kiini kilivyokuwa karibu. Wataalamu huyahesabu meno kwa tarakimu mbili, ya kwanza ikitaja robo ya kinywa na ya pili ikitaja nafasi ya jino. Langu limeandikwa 46, dawa mbili, na pembeni kwa kalamu nyekundu: kina kirefu.